MZEE SHOLES, ALIYETUPANGIA HERUFI

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, nami nashukuru kupewa nafasi nicheze kidogo katika kurasa hizi. Wengi wakiambiwa waandike maisha ya mtu mashuhuri hukimbilia mashujaa wa vita na wanasiasa. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakushika bunduki wala hakukalia kiti cha enzi, lakini kazi yake mnaigusa kila siku kwa ncha za vidole vyenu.

Mtu huyo ni Christopher Latham Sholes, Mmarekani aliyefariki mwaka 1890. Ndiye aliyepanga herufi za taipureta, na mpangilio wake ndio ulio kwenye kibodi za maabara yetu ya kompyuta, kwenye saiba za Nakuru, Naivasha, Molo na Njoro, na hata kwenye simu iliyo mfukoni mwa mwalimu wa zamu.

Hebu itazameni kibodi yoyote. Safu ya juu ya herufi inaanza Q, W, E, R, T, Y. Kwa sababu hiyo mpangilio huu huitwa QWERTY. Je, ni nani aliyeamua kwamba A isukumwe pembeni kabisa, na P ikae mwisho wa safu? Kwa nini zisifuatane A, B, C jinsi tulivyoimba chekechea? Wengi wetu hatuulizi. Tunaona ni kawaida tu, kama jua kuchomoza upande wa mashariki. Kumbe si kawaida hata kidogo! Ni uamuzi wa binadamu, tena binadamu ambaye mwenyewe hakuridhika nao mpaka siku ya kufa kwake. Hilo ndilo ninalotaka mlishike tunapofuatana na mzee huyu.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Sholes alizaliwa tarehe 14 Februari 1819 katika kijiji cha Mooresburg, jimbo la Pennsylvania. Akiwa kijana alipelekwa kujifunza kazi ya kupiga chapa. Enzi hizo mpiga chapa alipanga maneno kwa mkono. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini kilichowekwa katika kisanduku chake. Fundi aliokota kimoja kimoja, akavipanga mstari kwa mstari, tena kinyumenyume kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo. Visanduku hivyo havikupangwa kwa kufuata A, B, C. Herufi zilizotumika sana ziliwekwa karibu na mkono wa fundi, na zile za nadra zikawekwa mbali. Kwa hiyo kijana Sholes alijua mapema kwamba mahali pa kuweka herufi ni jambo la kufikiriwa.

Mwaka 1837 alihamia magharibi katika eneo la Wisconsin, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijawa jimbo. Huko akawa mhariri wa gazeti katika mji wa Southport, ambao mwaka 1850 ulibadilishwa jina ukaitwa Kenosha. Wisconsin ilipopata kuwa jimbo mwaka 1848, Sholes alichaguliwa kuingia katika Seneti yake, na baadaye akachaguliwa pia katika Bunge dogo la jimbo hilo. Alikuwa miongoni mwa waliopinga utumwa.

Mwaka 1851 mtu mmoja aliyekuwa amemuua mkewe alinyongwa hadharani mjini Kenosha, mbele ya umati mkubwa. Sholes alichukizwa na tendo hilo. Alilipinga katika gazeti lake, kisha akaipeleka vita hiyo Bungeni pamoja na wenzake. Mwaka 1853 Wisconsin ikafuta adhabu ya kifo, na mpaka leo haijairudisha. Nimelitaja jambo hili makusudi. Watu wengi humkumbuka Sholes kwa herufi sita tu za safu ya juu, ilhali alisaidia kuokoa shingo za watu.

MASHINE YAZALIWA

Baadaye Sholes alihamia Milwaukee, mji mkubwa wa jimbo hilo ulio kando ya ziwa Michigan. Alifanya kazi ya uhariri, kisha akawa mkusanyaji wa ushuru wa forodha katika bandari ya mji huo. Saa za jioni alikuwa akienda katika karakana ya bwana mmoja aitwaye Kleinsteuber, mahali ambapo watu wenye mawazo ya uvumbuzi walikutana wakagonga vyuma na kupiga gumzo. Ilikuwa kama jua kali zetu, isipokuwa wao walikuwa na paa.

Katika karakana hiyo Sholes na mpiga chapa mwenzake, Samuel Soulé, walitengeneza mashine ya kupiga nambari kwenye kurasa za vitabu na kwenye tiketi. Mwanasheria mmoja aitwaye Carlos Glidden, ambaye naye alikuwa na shughuli zake mle ndani, aliitazama akauliza: ikiwa mashine inaweza kupiga nambari, mbona isipige herufi pia? Swali dogo, lakini lilimkaa Sholes kichwani. Mwaka 1867 gazeti la Scientific American likatoa habari za mashine ya kuandikia iliyobuniwa na John Pratt na kuonyeshwa London. Sholes aliisoma akaona kwamba angeweza kutengeneza iliyo rahisi zaidi.

Alianza na herufi moja tu, W. Alichukua kile kitufe cha kupigia simu za maandishi za zamani, akakiunganisha na kichuma chenye herufi hiyo, na kila alipobonyeza, herufi ikagonga karatasi. Basi ikiwa moja inawezekana, zote zinawezekana. Tarehe 23 Juni 1868 Sholes, Glidden na Soulé walipewa hataza, yaani ile hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu. Mashine ya hataza hiyo ilikuwa na vitufe kama vya piano.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Tajiri mmoja mwenye maneno makali, James Densmore, alikuwa ameingia katika shughuli hiyo kwa kulipa madeni yaliyokuwapo, akapewa fungu lake. Densmore aliwapelekea watu mashine waijaribu. Mmoja wao alikuwa James Clephane wa Washington, aliyekuwa akiandika kwa kasi maneno yanayosemwa mahakamani na kwenye mikutano. Clephane alizipiga mashine hizo mpaka zikavunjika, kisha akaandika makosa yote bila huruma. Soulé na Glidden walichoka wakajitoa. Sholes naye alikasirika, lakini Densmore alimsukuma aendelee. Inakisiwa kwamba kufikia mwaka 1873 zilikuwa zimetengenezwa mashine za majaribio zipatazo 50. Mchumia juani hulia kivulini, ndiyo. Lakini mzee huyu alichumia juani muda mrefu.

KWA NINI HERUFI ZILITAWANYIKA?

Katika mashine ile kila herufi ilikuwa kwenye mkono mwembamba wa chuma, na mikono yote ilijipanga duara chini ya karatasi. Ukibonyeza kitufe, mkono uliruka juu ukagonga, kisha ukaanguka mahali pake. Mikono miwili iliyo jirani ikiruka kwa haraka, iligongana ikakwama. Maelezo tuliyozoea kusikia ni kwamba Sholes alizitenganisha herufi zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza ili mikono yake isikutane.

Lakini si wataalamu wote wanaokubali. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, wameuliza: ikiwa ni hivyo, mbona E na R zimekaa bega kwa bega, ilhali katika Kiingereza hufuatana kila mara? Wao wanaona kwamba walioathiri mpangilio ni wapokeaji wa simu za maandishi, ambao walihitaji kuandika papo hapo walichokisikia. Ni kweli kwamba miongoni mwa wanunuzi wa kwanza kabisa, mwaka 1868, kilikuwamo chuo cha kufunzia kazi hiyo mjini Chicago.

Kuna jambo moja ambalo hata sisi wanafunzi tunaweza kulithibitisha bila mtaalamu. Isomeni safu ya katikati: D, F, G, H, J, K, L. Si hizo ni A, B, C zenyewe zikiwa zimenyofolewa baadhi ya herufi? Hayo ni mabaki ya mpangilio wa kwanza. Sholes hakuamka siku moja akatawanya herufi zote kama mahindi ya kuku. Alianza na alfabeti, akaondoa hii, akahamisha ile, akajaribu, akahamisha tena.

Wapo pia wanaodai ati alitaka kuwachelewesha wapigaji. Sidhani. Wakati ule hakuna aliyekuwa akipiga kwa vidole kumi bila kutazama. Watu walidonoa kwa vidole viwili, kama wengi wetu tunavyofanya mpaka leo.

REMINGTON NA DOLA 12,000

Mwaka 1873 Densmore alifanya mapatano na kampuni ya E. Remington and Sons ya mji wa Ilion, jimbo la New York. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza bunduki na cherehani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, na kiwanda kilihitaji kazi nyingine. Mashine ikaanza kuuzwa mwaka 1874 kwa dola 125. Ilikuwa na kikanyagio cha mguu kama cherehani, iliandika herufi kubwa peke yake, na mpigaji hakuweza kuyaona maneno anayoyaandika mpaka ainue sehemu ya juu. Mwaka 1878 ikatoka Remington Namba 2, iliyokuwa na kitufe cha shifti na hivyo ikaweza kuandika herufi kubwa na ndogo. Mwaka huo huo mpangilio unaofanana sana na tulio nao leo uliandikwa katika hataza ya Sholes.

Je, mzee alitajirika? La. Inaelezwa kwamba aliuza haki zake kwa dola 12,000. Densmore yeye alikataa kuuza moja kwa moja. Alitaka alipwe kidogo kwa kila mashine, na kwa njia hiyo akapata mali nyingi. Kampuni nazo ziliendelea kuneemeka. Sholes alipata fedha za mara moja, zikaisha.

Hata hivyo hakuacha kazi. Alikuwa na watoto kumi na alikuwa akiugua kifua kikuu. Miaka yake ya mwisho aliipitisha kwa sehemu kubwa akiwa kitandani. Humo kitandani aliendelea kubuni mashine nyingine, na mpangilio mwingine wa herufi! Ombi la hataza ya mpangilio huo mpya lilipelekwa mwaka 1889. Tarehe 17 Februari 1890, siku tatu baada ya kutimiza miaka 71, Sholes akafariki mjini Milwaukee. Hataza ilitoka mwaka 1896, mwenyewe akiwa kaburini miaka sita. Safu zake hazikuwa QWERTY tena.

Lakini dunia ilikuwa imekwisha kuamua. Mwaka 1888 Frank McGurrin, aliyejifunza kupiga kwa vidole vyote bila kutazama kibodi, alimshinda mpinzani wake katika shindano lililofanyika Cincinnati, naye alitumia Remington. Mwaka 1893 kampuni kubwa za taipureta ziliungana, na mpangilio wa QWERTY ukawa ndio wa kawaida. Vyuo vilikuwa vimefundisha, vidole vilikuwa vimezoea, ofisi zilikuwa zimenunua. Mwaka 1936 August Dvorak, mwalimu katika chuo kikuu kimoja cha Seattle, alipata hataza ya mpangilio uliokusanya irabu zote kwenye safu ya katikati. Alikuwa na hoja, lakini nani angekubali kuanza upya? Mazoea yana taabu, na vidole vina mazoea kuliko ulimi.

Jambo moja lilimfurahisha Sholes kabla hajafa. Binti yake Lillian alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupigwa picha wakiitumia mashine hiyo, mnamo mwaka 1872. Baadaye wanawake wengi, waliokuwa wamefungiwa milango ya ofisi, waliipata kazi ya taipu wakajitegemea. Sholes aliona kwamba alikuwa amewafanyia wanawake jambo la maana. Hapa kwetu pia vyuo vya uhazili viliwasomesha akina mama na dada wengi, na karo za baadhi yetu zilitoka katika vidole hivyo.

HAYA YANATUHUSU NINI SISI WA NAKURU?

Huenda mtu akaniuliza: mambo ya Milwaukee yanatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa? Yanatuhusu. Reli ilipita Nakuru ikafika Kisumu mwaka 1901, na kando ya reli zikazaliwa ofisi. Mashine zilizoingia ofisini zilikuja na herufi zikiwa zimekwisha kupangwa. Hakuna aliyeuliza lugha za hapa zinahitaji nini.

Kiswahili chetu kilibahatika. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha maandishi yasiyo na nukta wala vialama juu ya herufi, kwa hiyo yanaingia kwenye taipureta bila shida. Q na X hatuzihitaji kabisa. Lakini hebu tufanye jaribio. Andikeni methali hii: Haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23, na kati ya hizo A ni 11. Sasa mnajua A inapigwa na kidole gani? Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo na dhaifu kuliko vyote! Angekuwa Sholes amezaliwa Lamu, A ingekaa mahali pa heshima.

Hilo la A ni la kuchekesha kidogo. La pili halichekeshi. Wakikuyu wana herufi ĩ na ũ, ambazo ni sauti tofauti na i na u. Zimo katika majina kama Wanjikũ, Mũthoni na Ngũgĩ. Kwenye kibodi ya kawaida hazipo, kwa hiyo wengi wetu huziacha. Wakalenjin wana majina kama Ng'etich, na Wakikuyu wana Ng'ang'a, ambayo yanahitaji ritifaa sawa na ng'ombe wetu wa Kiswahili. Kitufe cha ritifaa kipo. Lakini nimewahi kumwona ndugu mmoja akijaza fomu kwenye saiba hapa mjini, na kila alipoandika jina lake, kompyuta ilimjibu kwamba jina hilo lina makosa. Jina la babu yake, jamani! Akaambiwa aitoe ile ritifaa. Akaitoa. Sasa cheti chake cha kuzaliwa kina jina moja na fomu ina jingine, na siku atakapoulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili, sijui atajibu nini.

Msinielewe vibaya. Simlaumu mzee Sholes. Yeye alipangia lugha yake, kwa mashine yake, kwa shida za wakati wake. Siku hizi hakuna tena mikono ya chuma inayogongana. Kibodi ya simu ya mguso ni picha tu kwenye kioo, ingeweza kupangwa vyovyote. Herufi ĩ na ũ zimo katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, iitwayo Yunikodi. Kompyuta inazijua. Wasiozidai ni sisi.

Hivyo nina mapendekezo mawili kwa chama chetu. La kwanza, tujifunze kupiga kibodi kwa vidole vyote kumi, kwani mtihani wa Somo la Kompyuta hauwangoji wanaodonoa kama kuku. Mpangilio ni huu tulio nao, na asiyekubali kushindwa si mshindani. La pili, kuanzia toleo lijalo la jarida hili, kila jina la mwanafunzi liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka, likiwa na ritifaa yake na vialama vyake, hata kama mhariri atakesha. Na wale wanaotarajia kusomea uhandisi wa kompyuta, kule Egerton au kwingineko, wakumbuke kutengeneza fomu zinazolikubali jina la Ng'ang'a bila kulisahihisha.

Sholes alikuwa anapanga herufi upya akiwa mgonjwa mahututi, mashine zake zikiwa tayari zinauzwa. Alijua kwamba kilichopangwa na mtu kinaweza kupangwa tena na mtu. Mimi nimemaliza, mwenye swali anitafute wakati wa mapumziko.